Kuhariri ripoti za madaktari zilizoandikwa na mashine, ukiwa nyumbani

Watu wakiniuliza kuhusu transkripsheni ya hospitali, swali la kwanza huwa ni kasi, eti natype maneno mangapi kwa dakika. Zamani hilo lilikuwa swali la maana. Daktari anasoma imla kwenye kinasa sauti, faili inakuja, we unasikiza unaandika mwanzo mpaka mwisho. Sahii faili nyingi zinakuja na maandishi tayari, programu ya kutambua sauti ishaandika rasimu yote, na kazi yako ni kusikiza ukiifuata ile rasimu na kurekebisha palipoharibika. Inaonekana rahisi, na hapo ndo watu huumia.

Shida iko hivi. Mwandishi akikosa kusikia neno huacha pengo, anaweka alama, alafu mtu mwingine anasikiza au daktari mwenyewe anajaza. Mashine haiachi pengo. Ikikosa kusikia inaweka neno lolote linalofanana na ile sauti, tena spelling iko sawa, herufi kubwa iko mahali pake, sentensi inasomeka poa kabisa. Ni kama yule jamaa wa stage unamuuliza njia, haijui, lakini anakunyooshea mkono na kukwambia pita hapo kona ya pili. Kwa hivyo ukitaka kuingia hii kazi jua kabisa unacholipwa ni kushuku, vidole vinakuja baadaye.

Na usifikiri nasema tu. Mwaka 2018 kulitoka utafiti kwenye jarida la JAMA Network Open, walichukua ripoti 217 za hospitali za Marekani wakahesabu makosa hatua kwa hatua. Rasimu ya mashine kabla mtu hajaigusa ilikuwa na makosa 7.4 kwa kila maneno 100. Mhariri akishaipitia yakashuka mpaka 0.4. Daktari akishasoma na kusaini, 0.3. Yaani usafi karibu wote uliletwa na yule mtu wa katikati ambaye jina lake halionekani popote. Ni kweli programu zimekuwa bora sana tangu mwaka huo, na bei ya kuhariri imeteremka nazo, hilo tutafika.

Kwanza jua rasimu imetoka kwa mashine gani

Hili watu wengi hulipuuza na ndo linakuambia utafute kosa wapi. Kuna zile programu za zamani za imla, ukoo wa Dragon, iliyotoka 1997 na baadaye ikawa ya kampuni ya Nuance, ambayo Microsoft ilimaliza kuinunua Machi 2022. Hizi zilizoea daktari mmoja anayeongea moja kwa moja na maikrofoni. Kosa lake la kawaida ni neno kwa neno: amesema hiki, imeandika kitu kinachofanana kwa sauti. Ukisikiza kwa makini unalishika.

Alafu kuna kizazi kipya. OpenAI walitoa Whisper Septemba 2022, bure, na watu wakaijenga ndani ya programu zao kila mahali. Hii inasikia lafudhi vizuri ajabu, hata daktari Mnaijeria au Mhindi anayekimbia na maneno inamfuata. Lakini ina tabia mbaya ya kipekee, saa zingine inaandika sentensi nzima ambayo hakuna mtu aliisema. Watafiti Marekani walitoa matokeo 2024, takriban asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyopima vilikuwa na maneno ya kubuniwa kabisa, na ilitokea zaidi pale msemaji alinyamaza kwa muda mrefu. Asilimia 1 ni kidogo mpaka ukumbuke hii ni faili ya mgonjwa. Kwa hivyo kila mahali daktari amenyamaza, anafungua karatasi, simu imelia, anaongea na nesi pembeni, rudi uangalie kama maandishi ya hapo yana sauti chini yake. Kama hayana, toa, usiyahurumie hata kama yanaleta maana. Hasa kama yanaleta maana.

Aina ya tatu ni ile mashine inakaa chumbani inasikiza daktari na mgonjwa wakiongea, alafu inajiandikia muhtasari yenyewe. Hapa hakuna neno kwa neno la kulinganisha, kwa hivyo kila sentensi ya muhtasari unaiuliza: hii ilisemwa dakika ya ngapi? Mgonjwa kasema mamake ana sukari, muhtasari unaandika mgonjwa ana sukari. Kosa la aina hiyo masikio peke yake hayalishiki, lazima uwe umeelewa mazungumzo.

Vifaa, haraka haraka

Laptopu yenye RAM ya GB 8 inatosha. Hedifoni ziwe za waya na zifunike sikio, zile za Bluetooth achia miziki, zinachelewa kidogo ukisimamisha na charge itaisha katikati ya operesheni ya mtu. Padeli ya mguu inasaidia sana sababu mikono inabaki kwa kibodi, kati inacheza, kushoto inarudisha, kulia inapeleka mbele. Kama huna hela ya padeli panga vitufe vya F juu ya kibodi vifanye hiyo kazi, na uset ile ya kurudi nyuma sekunde 1 au 2 yenyewe kila ukisimamisha, utanishukuru. Express Scribe, programu ya kuchezea sauti ukiandika, ile ya bure inafungua MP3 na WAV, lakini mafaili ya DSS na DS2 kutoka kwa vinasa vya Olympus na Philips yanataka ile ya kulipia. Wateja wakubwa mara nyingi wana mfumo wao unaingia kwa intaneti kwa hivyo usikimbilie kununua chochote kabla hujajua wao wanatumia nini.

Stima na intaneti sisemi sana, we unajua unapoishi. Router iwekee ile UPS ndogo yake, simu iwe na bando ya kuwasha hotspot, na mvua ikianza kupiga mabati pumzika tu, hata hedifoni ya bei gani haitakusaidia kusikia kama ni fifteen au fifty.

Masaa ndo kitu cha kupanga na familia. New York wako nyuma yetu sisi wa Afrika Mashariki masaa 7 kuanzia Machi mpaka Novemba, masaa 8 miezi iliyobaki. Daktari anamaliza kliniki saa kumi jioni yake ndo anaanza kurekodi, kwako ni saa tano au sita usiku, na kama ni California ndo usiseme, saa nane au tisa usiku. Ripoti za kawaida zikipewa masaa 24 unaweza kulala ukafanya asubuhi watoto wakienda shule, zile za haraka sana zinalipa zaidi lakini zinakutaka macho saa hiyo hiyo. Chagua mapema we ni wa kundi gani na uwaambie watu wa nyumbani, manake mtu anayekaa nyumbani na laptopu huonekana yuko free, atatumwa dukani, atashikishwa mtoto, atapokea fundi.

Makosa yenyewe, mahali pa kutazama

Hapa ndo nitakaa, sababu hapa ndo pesa iko.

Anza na maneno ambayo herufi moja inageuza maana. Afebrile ni mtu hana homa. Mashine ikisikia vibaya inaandika a febrile, na mgonjwa amepata homa kwenye karatasi. Asymptomatic na a symptomatic, atypical na a typical, ni kosa lile lile. Ukiona a imekaa peke yake mbele ya neno la kitabibu, simamisha, rudisha, sikiza.

Alafu no na not. Madaktari wanazimeza. No evidence of metastasis ikipoteza no mtu ameambiwa kansa imesambaa. Kila sentensi inayotoa habari mbaya ghafla, wakati ripoti nzima ilikuwa inaenda vizuri, ishuku.

Hyper (juu ya kawaida) na hypo (chini ya kawaida) nazo huwezi kuzitofautisha kwa sikio kila mara, hata uongeze sauti aje. Hapo usisikize zaidi, angalia namba. Kama dakika moja kabla daktari alisema presha ni 88 kwa 50, basi hiyo ni hypotension, presha ya chini, haiwezi kuwa kinyume chake. Kama hakuna namba popote ya kukusaidia, acha pengo. Fifteen na fifty vile vile, umri wa mgonjwa na tarehe ya kuzaliwa vinakusaidia kwa umri, lakini kwa dozi ya dawa usikisie.

Kuna zile za kuchekesha pia. Daktari akisoma imla husema period akitaka nukta na colon akitaka nukta mbili. Sasa mgonjwa ana kansa ya utumbo mpana, daktari anasema carcinoma of the colon, mashine inaweka carcinoma of the alafu nukta mbili, imemaliza. Au postoperative period, sentensi inakatwa hapo katikati na ile inayofuata inaanza na herufi kubwa. Haya ni rahisi kuona ukisoma bila sauti, ukiwa unasikiza jicho linapita juu yake.

Majina ya dawa yanataka heshima yake. Hydralazine ni ya presha, hydroxyzine ni ya mwasho na wasiwasi. Lamictal ni ya kifafa, Lamisil ni ya fangasi. Celebrex ya maumivu, Celexa ya depression. Mashine inachagua ile inayoijua zaidi. Dawa yoyote lazima ilingane na ugonjwa uliotajwa: mtu ana kifafa na ameandikiwa dawa ya fangasi ya kucha, na hakuna kucha popote kwenye ripoti, kuna kitu. Tafuta dawa kwenye DailyMed, ni tovuti ya bure ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani, utaona inatibu nini na inakuja kwa dozi gani. Levothyroxine ya tezi inapimwa kwa maikrogramu, ukiona imeandikwa 75 mg ujue hiyo ni mara 1000 ya 75 mcg. Hiyo si kosa la kupita nalo.

Kwenye namba kuna sheria ambazo ukizijua mkaguzi, yule anayepitia kazi yako, anakuona we si mgeni. Andika 0.5 mg, usiandike .5 mg, nukta ikipotea inakuwa 5. Andika 1 mg, usiandike 1.0 mg, inasomeka 10. Neno units liandike lote, herufi U peke yake inafanana na sifuri. Haya yako kwenye orodha ya vifupisho vilivyokatazwa ya Joint Commission, chombo kinachokagua hospitali za Marekani, tangu 2004, na mashine nyingi bado zinayarudisha kama hazijapangwa vizuri.

Sisi tuliosoma Kiingereza cha Uingereza tuna mtego wetu peke yetu. Unaona esophagus kwenye rasimu, mkono unawasha kuongeza o mbele. Kama mteja ni wa Marekani, iache. Hemoglobin, anemia, edema, diarrhea, zote hivyo hivyo. Wao wanasema acetaminophen sisi paracetamol, wao epinephrine sisi adrenaline, na usibadilishe jina la dawa hata siku moja ati kwa sababu ndilo unalojua. Sukari ya damu wanaipima kwa mg/dL, sisi kwa mmol/L, kwa hivyo 90 kwao ni ya kawaida kabisa, usiogope, na 6 kwao mtu angekuwa hali mahututi. Mteja wa Uingereza ni kinyume, huko unarudi nyumbani kwako.

Ileum ni utumbo, ilium ni mfupa wa nyonga. Dysphagia ni shida ya kumeza, dysphasia shida ya kuongea. Orodha ni ndefu, anza daftari lako na uwe unaongeza.

Sasa, daktari mwenyewe naye hukosea. Kwa mwanzo anasema goti la kulia, kwa mwisho anasema tumepasua la kushoto. Hapa ndo wageni wanaharibu, anachagua moja anaweka pote ili ripoti ionekane safi. Usifanye hivyo. Wewe hukuwa theatre. Andika kama alivyosema pande zote mbili, weka alama, na kwa maelezo ya mkaguzi andika dakika na sekunde za kila mahali na kwamba hazilingani. Sarufi yake unaweza kunyoosha kama mteja anaruhusu, matibabu yake usiguse.

Kusikiza kwenyewe

Jicho linaamini kilichoandikwa. Hiyo ndo taabu kubwa ya kuhariri kuliko kuandika, ukisoma neno kabla ya kulisikia utalisikia vile limeandikwa, hata kama daktari alisema kitu kingine. Kwa hivyo acha sikio litangulie. Mi huweka cursor ya maandishi nyuma ya sauti kidogo, maneno mawili matatu hivi, nasikia kwanza ndo nathibitisha. Mara ya kwanza unahisi kichwa kinauma, baadaye inakuwa kawaida.

Mzunguko wa kwanza sikiza kwa kasi ya kawaida, usiongeze, rekebisha ukienda. Kabla ya hapo hakikisha jina la mgonjwa, namba yake, tarehe na aina ya ripoti zinalingana na zile kwenye mfumo, manake ripoti safi kabisa kwenye faili ya mtu mwingine ni mbaya kuliko ripoti chafu. Mzunguko wa pili zima sauti usome kama daktari atakayempokea huyu mgonjwa kesho: naelewa? Kuna kitu kinapingana? Alafu pita mara ya mwisho na macho kwa vitu vinne tu, namba, dawa, kulia na kushoto, na maneno ya kukanusha. Ripoti fupi hiyo inachukua nusu dakika.

Kuna rasimu zingine ni takataka, sikuzuii kusema. Daktari alirekodi ndani ya gari au ana mafua. Ukiona unabadilisha kitu karibu kila mstari, futa yote uandike upya, utamaliza haraka kuliko kuokota okota. Kwa hilo bado unahitaji vidole, na hapo AutoCorrect ya Word inakubeba: unaipanga ukiandika herufi tatu nne inafungua sentensi nzima, zile sentensi madaktari hurudia kila siku kama ile ya mapafu kuwa safi pande zote mbili. Hakikisha tu kifupisho chako hakifanani na neno la kweli.

Pengo likibaki, lirudie mara moja baada ya kumaliza ripoti yote, sababu mara nyingi daktari hurudia hilo neno mbele akiwa ametamka vizuri. Bado halisikiki? Liache pengo na uweke muda wake. Mkaguzi hamchukii mtu wa mapengo machache yaliyowekwa vizuri, anamchukia mtu aliyebuni.

Siri za watu

Hapa sina mchezo. Marekani wana sheria ya HIPAA ya 1996, Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania wana yao ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022. Utasaini mkataba wa usiri na unakufunga hata ukiwa sebuleni kwako. Maana yake kwa vitendo: hufanyi hii kazi kwa cyber, hutumii laptopu ambayo watoto wanacheza gemu, skrini inajifunga ukisimama, na faili ya sauti ikishapokelewa inafutwa, mpaka kwenye kile kikapu cha takataka.

Na kile kitu watu hufanya bila kufikiria, kukata kipande cha sauti na kumtumia rafiki WhatsApp, "hebu nisikizie hapa anasema nini". Umeshatoa siri ya mgonjwa. Vile vile kubandika ripoti kwenye zile AI za bure ikunyooshee Kiingereza. Ukikwama tafuta neno peke yake, usitafute sentensi yenye jina na umri wa mtu.

Kujifunza bila kugusa mgonjwa wa kweli

Ingia tovuti ya MTSamples, kuna maelfu ya mifano ya ripoti za kila idara, zisome mpaka ujue mpangilio: malalamiko, historia, dawa anazotumia, mzio, uchunguzi, tathmini, mpango. Ukishajua kinachofuata nini, sikio linafanya nusu ya kazi. Jifunze vipande vya maneno, -ectomy ni kukata na kutoa, -otomy kupasua, -ostomy kutoboa njia, -itis uvimbe (inflammation), utaanza kuelewa maneno ambayo hujawahi kuyaona.

Alafu zoezi ninalolipenda: chukua ripoti moja ya hapo, fungua Google Docs, washa ile ya kuandika kwa sauti, soma ripoti yote kwa lafudhi yako huku ukijirekodi kwa simu. Usiangalie skrini. Kaa siku moja uisahau, alafu hariri ile rasimu ukisikiza rekodi yako, na mwisho linganisha na ile ripoti ya asili. Makosa uliyoyapita ndo yale utayapita kazini. Mpe na mtu mwingine akusomee, mwenye lafudhi tofauti, asiyejua dawa kabisa ni bora zaidi.

Kazi na malipo

Kuna wanaolipa kwa dakika ya sauti na kuna wanaolipa kwa mstari, na mstari kwenye hii biashara mara nyingi ni herufi 65 pamoja na nafasi, si mstari unaouona kwa skrini. Kuhariri kunalipwa chini ya kuandika, mara nyingi karibu nusu, wakisema mashine ishafanya kazi. Sasa piga hesabu kabla ya kukubali. Tuseme ni senti 4 za dola kwa mstari, namba ya mfano tu, ukihariri mistari 150 kwa saa umepata dola 6. Rasimu ikiwa takataka ukateremka mpaka mistari 70, ni dola 2.80 na umechoka zaidi. Kwa hivyo swali la kumuuliza mteja mapema ni hili, rasimu ikiwa mbovu nikaandika upya, nalipwa bei ya kuandika? Jibu lake litakuonyesha ni mtu wa aina gani.

Anayekudai hela ya usajili, achana naye. Akaunti za kukodi nazo, zile zinauzwa kwenye magrupu ya Telegram na Facebook zikiwa na jina la mtu mwingine, kwa transkripsheni ya kawaida ni hatari ya kupoteza pesa zako mwenye akaunti akibadilisha password, kwa kazi ya hospitali ni mbaya zaidi sababu umesikiza faili za wagonjwa bila kuwa na mkataba na mtu yeyote. Jaribio la dakika chache bila malipo ni kawaida. Jaribio la saa nzima ni kazi ya bure. Na kwenye jaribio wengi huweka makusudi sehemu isiyosikika, wanataka kuona utafanya nini.

Usitazame ng'ambo peke yake. Kliniki binafsi na wataalamu wa eksirei wa hapa kwetu nao wanarekodi ripoti kwa simu wakiwa mbioni na wanatafuta mtu wa kuziandika vizuri, unaenda unabisha mlango. Pia kuna mahojiano ya utafiti wa afya, ya Kiswahili, yale ya kina mama vijijini wakielezea uzazi au mtu anaeleza anavyoishi na sukari, watafiti wanahitaji yaandikwe na mara nyingi yatafsiriwe kwa Kiingereza. Mashine hapo bado inajikwaa sana mtu akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kigiriama kwenye pumzi moja, kwa hivyo bei ni afadhali. Ila sheria zinageuka: hapa hunyooshi kitu, kicheko kinaandikwa, kimya kinaandikwa, eeh yake inaandikwa, mahali pa jina unaweka ile code mtafiti amekupa, na mtu akitaja jina la jirani yake au la daktari katikati ya maongezi na hilo unalitoa na kuweka alama, hata kama mtafiti alisahau kukwambia.